Ua la njano linalovuka mpaka ndani ya gunia

MTU akirejea nyumbani baada ya miaka mingi, akishamaliza paa hugeukia uwanja. Udongo uko wazi, mvua inauchukua. Jirani humshauri: panda wedelia.

Nauza miche kando ya barabara, na wateja wangu wengi ni hao waliorejea. Siwashangai. Wedelia ni mmea mfupi unaotambaa, haufiki goti, una maua ya njano karibu mwaka mzima, na kwenye mteremko hufunika ardhi haraka.

Kasi hiyo ndiyo hatari yake. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Ulipelekwa Australia na visiwa vya Pasifiki kama pambo, ukatoka bustanini ukavamia kingo za mito na mashamba. Shirika la IUCN limeuorodhesha miongoni mwa viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Hauenei sana kwa mbegu. Kila kifundo cha shina kinachogusa ardhi hutoa mizizi, hivyo kipande kilichotupwa mtaroni huweza kusombwa na maji na kuota shambani kwa mwingine. Hutandika mkeka mzito, na miche midogo chini yake hukosa mwanga.

Kwa sababu hiyo simuuzii mtu anayejenga karibu na mto, hata akiongeza bei. Humwonyesha karanga ya mapambo, asili yake Brazil. Nayo hutambaa na kutoa maua ya njano, lakini ni ndugu wa karanga tunazokula: huongeza nitrojeni kwenye udongo, na ng'ombe na mbuzi huila. Hukawia kidogo kufunika, basi mwenye haraka avumilie.

Kwa ndugu zangu wa mpakani, neno moja. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hupunguza karatasi za forodha. Haufuti cheti cha afya ya mimea. Miche iliyofichwa chini ya vitunguu ikionekana, inaweza kuteketezwa, na mtaji wako ukaenda nayo. Muone kwanza afisa wa ukaguzi wa mimea.

Aliye na wedelia tayari aizungushie ukingo, asiitupe korongoni. Vipande vilivyokatwa avianike juani juu ya saruji hadi vikauke kabisa, ndipo avichome. Usipoziba ufa utajenga ukuta.