Jicho Halitambai, Huruka

Chukua ukurasa wa gazeti, toboa tundu dogo katikati, kisha mpe mwenzako asome kimoyomoyo huku wewe ukimchungulia kwa upande wa pili. Huenda unatarajia kuona macho yakiteleza juu ya mstari kama ngalawa kwenye maji matulivu. Sivyo. Utaona mboni ikitua, ikiruka, ikitua tena, na mara mojamoja ikirudi nyuma ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango.

Miruko hiyo ilianza kuchunguzwa mwishoni mwa karne ya 19 jijini Paris, kwa daktari wa macho Émile Javal. Mmarekani Edmund Huey, aliyetoa kitabu chake kuhusu usomaji mwaka 1908, alithubutu zaidi: alibandika kikombe kidogo cha plasta chenye tundu juu ya jicho lililotiwa ganzi, kikaunganishwa na kijiti cha alumini kilichochora kila mruko. Mimi nisingekubali kusomeshwa hata sentensi moja kwa namna hiyo.

Enzi ya kompyuta iliwaondolea wasomaji adhabu hiyo, ingawa si yote. Katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alikofika mtafiti wa usomaji Keith Rayner mwaka 1978, msomaji aliuma kwanza kipande laini cha dutu ya madaktari wa meno. Kilipoganda na kushika alama za meno yake, kilifungwa kwenye chuma, naye akawa anakiuma muda wote ili kichwa kisitikisike. Akaangalia vidoti ili mtambo uzoee jicho lake, ndipo zikaja sentensi: soma, bonyeza kitufe, soma, bonyeza, mara moja moja jibu swali ionekane kama umeelewa. Siku hizi kidevu huegemezwa tu na kamera hupima jicho mara 1,000 kwa sekunde, lakini rangi ya kope bado humsumbua mtafiti, kwani mtambo waweza kudhani kope nyeusi ndiyo mboni.

Lililompa Rayner jina ni hila aliyoibuni pamoja na mwalimu wake George McConkie na kuitangaza mwaka 1975. Kompyuta hufuata jicho, na popote linapotua huacha herufi chache tu zisomeke, kama dirisha; nyingine zote huwa x. Tuseme sentensi ni “Mvuvi alirudi pwani kabla ya jua kuzama”, na jicho limetua kwenye w ya “pwani”. Kwenye skrini pana hiki tu:

xxxxx xxxxxdi pwani kabla ya jux xxxxxx

Jicho likiruka, dirisha nalo limeshahama. Mruko wenyewe huchukua kama sehemu 20 hadi 35 za elfu ya sekunde, na katika muda huo hatuoni chochote cha maana, kwa hiyo badiliko hufanyika bila mtu kulishuhudia. Dirisha likiwa finyu, kasi ya kusoma hushuka. Lilipopanuliwa hadi herufi 3 au 4 kushoto mwa kituo na 14 au 15 kulia, wasomaji wa Kiingereza walisoma kama kawaida, hata kama mstari uliobaki ulikuwa takataka.

Hila nyingine ilinishangaza zaidi. Neno hufutwa kabisa sehemu 60 za elfu ya sekunde baada ya jicho kutua juu yake. Msomaji huendelea karibu kama kawaida. Zaidi ya hapo, neno likiwa adimu, jicho hubaki likikodolea nafasi tupu kwa muda mrefu kuliko lingekaa pale palipokuwa na neno la kila siku. Hapo kinachomzuia msomaji si wino tena. Akili ndiyo bado inalitafuna neno.

Ndiyo maana Rayner na wenzake hawakuwapa heshima wauzaji wa mbinu za kusoma kitabu kizima kwa saa moja. Zipo programu za simu zinazorusha neno moja moja mbele ya macho, kwa hoja kwamba kurudi nyuma ni kupoteza muda. Mwaka 2014 maabara yake, ambayo wakati huo ilikuwa San Diego, ilionesha kwamba msomaji akizuiwa kurudia neno alilopita, ufahamu wake hupungua. Makala yao ndefu kuhusu kusoma kwa kasi ilitoka mwaka 2016, Rayner akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Lakini kwa msomaji wa pwani yetu, ugunduzi wa kutazamwa zaidi ni wa mwaka 1981. Rayner, Alexander Pollatsek na wenzao waliwapima watu waliojua Kiebrania na Kiingereza. Kwenye Kiingereza dirisha lilinyooka kulia; kwenye Kiebrania, kwa watu walewale, likageukia kushoto. Wasomaji wa Kiarabu na Kiingereza walipopimwa miaka mingi baadaye, matokeo yalikuwa hayohayo. Mfikirie basi mtoto wa Mji Mkongwe: asubuhi yuko shule, dirisha lake likitazama kulia, alasiri yuko chuoni, msahafu uko juu ya marufaa, dirisha limegeuka, wala hana habari. Na babu yake, aliyeandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, aliisoma lugha hiyohiyo kwa dirisha la upande wa pili.