Safari ya Umeme kutoka Rusumo hadi Kadi ya Picha ya Kompyuta

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ilipata umeme kutoka kwenye jenereta za dizeli za Shirika la Umeme Tanzania, ambazo hazikuwa zimeunganishwa na gridi ya Taifa. Hali hiyo imebadilika. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Geita imefika Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Kadhalika, kwenye maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo mto Kagera huitenga wilaya ya Ngara na nchi ya Rwanda, kimejengwa kituo cha kuzalisha umeme cha megawati 80. Kituo hicho ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na kila nchi ina haki ya theluthi moja ya umeme wake. Ujenzi ulianza mwaka 2017, na mwaka 2023 mitambo ilianza kuzalisha.

Umeme unapoongezeka, maswali nayo huongezeka. Moja kati ya hayo humhusu mwalimu wa kompyuta. Chukua mfano wa shule iliyopewa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini. Prosesa zake bado ni nzima, lakini zinashindwa kuchora ramani kubwa au maumbo yenye vipimo vitatu. Je, yatosha kununua kadi ya picha na kuichomeka? Jibu halimo katika kadi peke yake. Limo pia katika kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kompyuta, ambacho mafundi wetu hukiita pawa saplai. Anayeongeza kadi bila kukipimia kisanduku hicho mzigo wake aweza kuipoteza kadi, kompyuta yenyewe, na pengine hata chumba kwa moto. Hesabu inayotakiwa si ngumu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Ngazi za umeme

Umeme hushuka ngazi kama maji yanavyoshuka kwenye maporomoko. Kutoka Rusumo husafiri kwa volti 220,000. Katika vituo vya kupozea hushushwa hadi volti 33,000 ili usambazwe wilayani, na transfoma iliyo juu ya nguzo karibu na shule huushusha hadi volti 230. Ndani ya kompyuta pawa saplai huushusha tena hadi volti 12, 5 na 3.3. Mwisho kabisa, sakiti ndogo zilizo juu ya kadi ya picha huishusha volti 12 hadi karibu volti 1 tu, kwani ndiyo inayofaa kwa transista ndogo mno zilizomo katika chipu.

Sasa tukumbuke kanuni ya msingi: nguvu kwa wati ni volti mara ampea. Volti zikipungua na wati zikabaki zile zile, ampea hazina budi kuongezeka. Tuchukue kadi inayotumia wati 75, tukiacha kando umeme unaopotea njiani. Kwa volti 230 mkondo ni ampea 0.33 tu. Kwa volti 12 mkondo ni ampea 6.25. Ikiwa wati 50 kati ya hizo zinafika kwenye chipu kwa volti 1, basi mkondo ni ampea 50. Huo ni karibu mara nne ya mkondo unaoruhusiwa na fyuzi ya ampea 13 katika plagi ya ukutani, nao wapita katika kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba! Ndiyo sababu ndani ya kompyuta, ambamo volti ni ndogo na haziwezi kumpiga mtu shoti, hatari iliyopo ni ile ya joto.

Pawa saplai yenyewe hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza huugeuza mkondo geu wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa karibu volti 325, ambao huhifadhiwa katika kapasita kubwa. Pili, transista huukatakata mkondo huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma. Kwa kuwa mabadiliko hayo ni ya haraka mno kuliko yale mara 50 kwa sekunde ya gridi, transfoma ndogo ya kutosha kiganjani hufanya kazi ambayo ingehitaji transfoma nzito. Tatu, umeme hugeuzwa tena kuwa mkondo mnyoofu na kulainishwa.

Kazi ya kadi ya picha

Kioo cha kawaida cha kompyuta kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Picha inayobadilika mara 60 kwa sekunde yahitaji rangi za nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Prosesa ya kawaida ina viini vichache vyenye uwezo mkubwa, mithili ya mafundi stadi wanne au wanane. Kadi ya picha ina viini vidogo vingi vinavyofanya hesabu rahisi kwa wakati mmoja, mithili ya kijiji kizima kilichotoka kupalilia shamba. Kadi ndogo ya GeForce GT 1030 ina viini 384. GTX 1650 ina viini 896.

Kwa kuandika barua, kutunza alama za wanafunzi na kusoma vitabu, kadi hiyo haina faida kubwa. Afadhali fedha zitumike kuongeza kumbukumbu ya kompyuta. Lakini kwa kuchora ramani, kusanifu majengo na kuhariri filamu, tofauti huonekana dhahiri.

Hesabu ya wati

Tuchukue kompyuta ya ofisi yenye pawa saplai ya wati 240. Prosesa hutumia hadi wati 65. Ubao mama na kumbukumbu, wati 30. Diski, wati 10. Feni na vifaa vilivyochomekwa, wati 15. Jumla ni wati 120.

Kadi ya GT 1030 hutumia wati 30. Jumla mpya ni wati 150, na pawa saplai yaweza kuzitoa bila shida. Kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada hutumia wati 75, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kupita katika tundu la kadi kwenye ubao mama. Jumla huwa wati 195, yaani asilimia 81 ya uwezo. Kwa pawa saplai mpya yawezekana. Kwa iliyokwisha kufanya kazi miaka kumi, ambayo kapasita zake zimechoka, ni kujitafutia balaa. Kadi ya RTX 3060 hutumia wati 170. Jumla ni wati 290, na hapo kisanduku cha wati 240 hakifai kabisa.

Kanuni njema ni kuchagua pawa saplai ambayo mzigo wote hautazidi takriban theluthi mbili ya uwezo wake. Kwa wati 195, wati 300 zatosha. Kwa wati 290, itafutwe ya wati 450.

Lebo isomwe vizuri

Hata hivyo, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa haziaminiki peke yake. Kadi ya picha na prosesa hulishwa hasa na volti 12. Basi msomaji na aangalie ampea zilizoandikwa chini ya volti 12 na kuzizidisha kwa 12. Ikiwa kisanduku kimeandikwa wati 500, lakini kwenye volti 12 kuna ampea 18 tu, basi nguvu inayotufaa ni wati 216. Zilizobaki ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta za siku hizi hazina haja nazo sana.

Hapana budi pia kutahadhari na viunganishi vya kubahatisha. Kadi kubwa huhitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye pawa saplai: wenye pini 6 hubeba hadi wati 75, na wenye pini 8 hadi wati 150. Madukani huuzwa waya zinazounganisha plagi ya diski na kadi. Plagi ya diski ya aina ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila pini huruhusiwa ampea 1.5. Hizo ni ampea 4.5, yaani wati 54 tu. Kuidai wati 75 ni kuiyeyusha.

Sababu yake ni kanuni nyingine ya fizikia: joto katika kiungo ni sawa na mkondo mara mkondo, mara ukinzani. Ampea 6 zikipita katika kiungo safi chenye ukinzani wa omu 0.02, joto ni wati 0.72 tu. Kiungo hicho kikilegea au kikiota kutu, ukinzani ukawa omu 0.2, joto huwa wati 7.2 ndani ya kipande kidogo cha plastiki. Plastiki haiwezi kustahimili.

Darasa zima

Hesabu ya kompyuta moja haitoshi. Tuseme darasa lina kompyuta 15 zinazolishwa na soketi moja, na kila pawa saplai ina ufanisi wa asilimia 85. Wati 120 za ndani huhitaji wati 141 kutoka ukutani. Tukiongeza wati 20 za kioo tunapata 161. Kompyuta 15 hutumia wati 2,415, sawa na ampea 10.5. Baada ya kuongeza kadi za wati 75, kila kompyuta na kioo chake huhitaji wati 249. Kompyuta 15 zitahitaji wati 3,735, yaani ampea 16.2, ilhali fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Fyuzi ikiungua, imefanya wajibu wake. Atakayeiondoa na kuweka kipande cha waya ameondoa mlinzi na kumkaribisha mwizi. Dawa ni fundi umeme kuyagawa mashine katika njia mbili au zaidi.

Volteji ikishuka, pawa saplai haipunguzi kazi yake bali hunywa mkondo zaidi ili itimize wati zile zile. Kompyuta iliyotumia ampea 1 kwa volti 230 itatumia karibu ampea 1.35 kwa volti 170. Na umeme ukikatika, kapasita zake huweza kuishikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16 tu, muda usiofikia mzunguko mmoja wa umeme wa gridi, ambao ni milisekunde 20. Ndiyo maana betri ya akiba ni ya lazima kwa kazi ya maana. Nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria zina radi nyingi. Wakati wa mvua za radi, njia ya hakika ni kuchomoa plagi. Waya wa ardhi nao usikosekane.

Kuna na suala la hewa. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 juu ya bahari, na Biharamulo na Ngara ziko juu zaidi. Kwenye kimo cha meta 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya saba, kwa hiyo feni hubeba joto kidogo zaidi. Ukiongeza vumbi jekundu la kiangazi linaloziba matundu, utaona kwamba kusafisha feni kila muhula si anasa.

Utaratibu wa kubadilisha

Kwanza, zima kompyuta, chomoa plagi, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe katika ubao mama. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwili usiharibu chipu. Pili, linganisha plagi za kisanduku cha zamani na kipya. Baadhi ya kompyuta za ofisi zina plagi na vipimo vya kiwandani mwake, na pawa saplai ya kawaida haikubali. Tatu, kama nyuma ya kisanduku kuna swichi ya kuchagua volti, hakikisha iko kwenye 230. Kompyuta zilizotoka Marekani mara nyingi huwa zimewekwa kwenye 115, na kuziwasha hivyo ni kuziua papo hapo. Nne, waya za pawa saplai moja zisitumike kwenye nyingine, hata kama plagi zinaingia. Tano, kamwe usikifungue kisanduku chenyewe. Kapasita iliyotajwa hapo juu huweza kubaki na volti 325 hata baada ya plagi kuchomolewa, na volti hizo zatosha kuua.

Kabla ya kununua chochote, wanafunzi waweza kuanza kwa kusoma lebo za kompyuta zote za shule yao na kuandika katika jedwali wati zote, ampea za volti 12, mzigo uliopo na nafasi iliyobaki. Jedwali hilo litamwonyesha mkuu wa shule ni mashine zipi zaweza kuongezewa kadi na zipi ziachwe kama zilivyo. Pengine itaonekana kwamba kadi tano zilizowekwa mahali pake zatosha darasa zima, na fedha zilizobaki zikamlipa fundi wa kutengeneza soketi.