Kiwanja cha mteremko: Usigombane na kilima!

DALALI alikuwa mjanja. Alitupeleka Goba jioni, jua linazama, upepo mwanana unapuliza, taa za mjini ndiyo kwanza zinaanza kuwaka kule mbali. Mimi na mama watoto tukatazamana, tukajua hapa ndipo. Kesho yake tukatoa malipo ya awali. Tuliporudi mchana kweupe, mama watoto kavaa viatu vya kisigino, ndipo tukagundua kwamba kutoka barabarani hadi mwisho wa kiwanja unashuka mbio, utake usitake!

Mpenzi msomaji, kama na wewe ni kijana wa mjini unayejibana, unacheza upatu na kuruka bia za Ijumaa ili siku moja uage maisha ya chumba na sebule, habari hii inakuhusu. Viwanja tambarare bei yake haishikiki. Ukipata cha mfuko wako Goba, Kimara au Makongo Juu, usishangae kukuta kimelala ubavu. Si balaa hata kidogo. Balaa huanza pale unapojenga kana kwamba mteremko haupo.

KATAPILA AU AKILI?

Mimi nilikuwa na jibu langu mfukoni: liitwe katapila, lisawazishe, kiwanja kiwe kama meza. Fundi niliyempeleka kuangalia akanipa kichwa zaidi. "Bosi, hiyo ndogo! Tunajaza kifusi, tunapiga jamvi, mwezi mmoja unaona kuta."

Mama watoto akaguna. "Baba watoto, hicho kilima ukikikata utakiweka wapi? Kwa jirani?"

Tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu nikashuka kumsalimia huyo jirani wa bondeni, mzee mstaafu. Baada ya shikamoo na marahaba, akanishika mkono hadi jikoni kwake na kunionyesha alama ya tope ukutani, kimo cha goti. Mtu mmoja huko juu alisawazisha kiwanja chake, akaacha udongo mtupu, masika ikaja. "Mwanangu," mzee akasema, "na wewe unaleta katapila?"

Nikakosa jibu. Jioni ile nikamwomba mama watoto msamaha, na tukaanza kumtafuta mchora ramani.

PIMA KABLA YA KUCHORA

Mimi nilikuwa na ramani tayari, ya vyumba vitatu, nimetumiwa kwenye simu. Mchora ramani akaitazama, akatabasamu. Ramani za namna hiyo nyingi huchorwa kwa ardhi tambarare. Yeye hakuuliza tunataka vyumba vingapi. Alitoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akautia maji.

Maji ndani ya mpira hukaa usawa mmoja ncha zote mbili, hata mmoja akiwa amesimama juu na mwenzake chini. Unapima maji yako umbali gani kutoka ardhini upande huu na upande ule, tofauti yake ndiyo mteremko. Tulishuka hatua kwa hatua, tukijumlisha. Kiwanja kina urefu wa mita 25, na jumla ikatoka mita 3. Yaani kila mita moja unayoshuka, ardhi inakuacha sentimita 12.

Sasa piga hesabu. Nyumba yetu inachukua mita 12 kufuata mteremko. Ukuta wa nyuma unaanzia mita 1 na sentimita 44 chini ya ukuta wa mbele. Hizo ni karibu kozi sita za tofali zinazozama kwenye msingi kabla hujaanza nyumba yenyewe! Mshiko uliotengea bati unaweza kuishia hapo.

NJIA NI TATU

Ya kwanza ndiyo ile ya fundi wangu: kukata na kujaza. Udongo wa upande wa juu unachimbwa na kumwagwa upande wa chini. Kasheshe yake ni kwamba udongo wa kujaza huendelea kushuka, wakati ule wa asili umetulia. Nyumba iliyokaa nusu huku nusu kule hupasuka, ufa unapanda mshazari kutoka kona ya dirisha. Ukichagua njia hii, msingi lazima upite kifusi chote hadi udongo wa asili, na kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, kila moja kama sentimita 15 hadi 20, kikinyunyiziwa maji.

Ya pili ni msingi wa ngazi. Mtaro unachimbwa kwa vipande kama ngazi, kila kipande kimelala usawa, kisha upande wa chini unapandishwa kwa tofali au mawe hadi kufikia jamvi moja. Ukimwona fundi anachimba mtaro unaoteremka pamoja na kilima, msimamishe hapo hapo, maana nyumba itataka kuteleza. Njia hii ni imara ila inakula vifaa, na ule ukuta wa chini unasukumwa na kifusi kilicho ndani, kwa hiyo mhandisi aseme nondo ziwe kiasi gani.

Ya tatu ndiyo iliyotuteka: kukata sakafu iwe mbili. Nusu ya nyumba inakaa juu, nusu inakaa chini, tofauti sentimita 72 tu. Ngazi nne za sentimita 18 zinamaliza kazi. Unachimba kidogo, unajaza kidogo, na sebule inapata ule upepo wa dalali.

Mteremko ukiwa mkali zaidi, unaweza kuweka chumba cha chini chenye mlango wake upande wa bondeni, kikawa stoo au cha mpangaji. Ila ukuta unaogusana na udongo ukingwe unyevu tangu siku ya kwanza, la sivyo mpangaji atalala na ukungu.

MAJI HAYAPIGI HODI

Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50, linamwaga lita 6,000. Hayo ni mapipa 30 ya lita 200, na yote yanaelekea jikoni kwa yule mzee.

Kwa hiyo kwenye ramani yetu maji yalichorwa kabla ya vyumba. Juu ya nyumba kuna mtaro wa kukinga maji yanayotoka barabarani na kuyazungusha pembeni. Paa lina mifereji inayopeleka maji kwenye tangi. Ukuta wa kuzuia udongo una matundu, na nyuma yake kokoto, kwa sababu maji yakikosa pa kutokea yanajaa nyuma ya ukuta na kuusukuma hadi uanguke. Pasipo na ukuta tunapanda nyasi zenye mizizi mirefu.

Choo nacho kina akili yake. Maji taka yanashuka, hivyo shimo linakaa chini ya nyumba. Lakini kama barabara iko juu kama kwetu, uliza kwanza mpira wa gari la kunyonya utafika? Sisi tumelisogeza shimo pembeni, mpira upite bila kuingia sebuleni.

Na kama kiwanja chako kinaishia mtoni, simama kwanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wa Dar hatujasahau Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu na walionusurika mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Chukua kibali cha ujenzi manispaa, na hakikisha mchora ramani wako amesajiliwa na Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

CHUMBA CHA BIBI

Kulibaki jambo moja. Mama yangu mzazi atakuja kuishi nasi, na magoti yake hayataki ngazi. Nikasema tumwekee njia ya mteremko ndani. Mchora ramani akacheka: ili isiwe kali, kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele. Sentimita 72 zinakula karibu mita 9. Tungebaki na korido bila nyumba!

Basi chumba chake na bafu lake vimehamia juu, usawa mmoja na mlango wa mbele, sebule na jiko. Chini tutalala sisi na watoto. Anatoka getini hadi kitandani bila kupanda hata kidato kimoja.

Jumapili iliyopita tulimpeleka akaone. Tulimchorea chumba chake chini kwa chokaa. Akakaa katikati kwenye kigoda, akatazama bonde kimya kwa muda, halafu akauliza: "Na kuku wangu nitawafugia wapi?"

Hilo hatukulichora. Mchora ramani ameitwa tena. Msingi tunaanza masika ikipita, na yule mzee wa bondeni ameahidi kuja kukagua mtaro mwenyewe. Siku ya kuhamia karibuni wote, ila dada zangu, visigino acheni nyumbani!