Mike wa Chuma: Jabali lililokosa usingizi

Mpenzi msomaji, leo sina habari za mapenzi wala za wanamuziki waliohama bendi. Nina kisa cha njemba moja ya Kimarekani, marehemu Mike Webster, na cha Wanaijeria wawili walioingia katika habari zake. Mmoja alimkuta yu hai, wa pili alimkuta maiti.

Kwa msioufahamu, mpira wa Kimarekani si huu wetu. Mpira wenyewe una umbo la yai na unakumbatiwa mikononi. Watu 11 wanapangana uso kwa uso na wenzao 11, wamevaa helmeti na mabega ya bandia, halafu wanavaana kama mafahali. Nilipouona mara ya kwanza kwenye video nilicheka sana. Nikadhani ni ugomvi uliowekewa refa.

Webster alicheza namba ya katikati, senta. Huyu ndiye anayeinama na kuupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda nyuma. Basi bwana, kabla hajainuka sawasawa, kichwa chake kishakutana na kichwa cha jitu la upande wa pili. Tena si mara moja. Ni kila mchezo unapoanza upya, makumi ya mara katika mechi moja, achilia mbali mazoezini. Anayefunga ndiye anayeimbwa. Senta kazi yake ni kugongwa ili wenzake wapite.

Alizaliwa mwaka 1952 jimboni Wisconsin. Mwaka 1974 akachukuliwa na Pittsburgh Steelers, katika raundi ya tano ya kugawana wachezaji, maana yake hakuwa chaguo la kugombaniwa. Wapi! Kwa mwili hakuwa jitu kama wengine, lakini alijifua na vyuma mpaka akawa wa miraba minne. Kwenye baridi ya theluji, wenzake wakijifunika, yeye alitoka na mikono mitupu, misuli nje. Akabandikwa jina: Iron Mike, yaani Mike wa Chuma. Akiwa na timu hiyo walitwaa Super Bowl mara nne, ya mwisho Januari 1980. Misimu 15 alikuwa hapo hapo.

Mwaka 1989 akahamia Kansas City Chiefs. Walimwita awe kocha msaidizi, wakaona mzee bado anazo, wakamrudisha uwanjani. Hapo ndipo alipokutana na Mnaijeria wa kwanza, Christian Okoye.

Okoye alizaliwa Enugu mwaka 1961, akaenda California kusoma kwa udhamini wa kurusha kisahani. Nigeria haikumchukua kwenye Olimpiki ya 1984, ndipo akaugeukia mpira huu wa yai akiwa na miaka 23, umri ambao wenzake walikuwa wameshaucheza tangu utotoni. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 118, na mbio zake we acha tu! Wamarekani walimwita "Jinamizi la Nigeria". Msimu ule wa 1989 alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,480, akaongoza ligi nzima. Na aliyekuwa mbele yake akimfungulia njia kwa kichwa na mabega ni nani? Webster, umri miaka 37.

Okoye goti lilimsumbua, akaacha mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Webster aliendelea hadi mwisho wa msimu wa 1990, misimu 17 kwa jumla. Laiti goti lake nalo lingekataa mapema!

Alipostaafu mambo yakaanza kwenda mrama. Alisahau njia ya kwenda nyumbani. Alipandwa na hasira zisizo na sababu, pesa ziliyeyuka, ndoa ikavunjika. Mtu aliyeingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo mwaka 1997 alikuwa akilala ndani ya gari lake la pikapu, siku nyingine stesheni ya treni. Meno yakimtoka alijibandikia kwa gundi. Usingizi ukikataa, alijipiga kwa bunduki ya shoti ya umeme ili azimie apumzike. Mwanawe Garrett, kijana wa shule, ndiye aliyehamia kwake kumlea. Mtoto akawa baba, baba akawa mtoto.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Webster naye alikimbilia kwenye mfuko wa mafao wa ligi. Mwaka 1999 bodi ilikubali kwamba alilemaa kutokana na mpira. Lakini ubishi kuhusu ulemavu ulianza lini, na alipwe kiasi gani, ulifika mahakamani, na familia ikashinda rufaa mwaka 2006. Mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alifariki Septemba 24, 2002, moyo ukamwangusha akiwa na miaka 50.

Maiti ilipelekwa kwa mchunguzi wa vifo wa Pittsburgh, ikapokewa na Mnaijeria wa pili, Dk. Bennet Omalu. Huyu mpira wa yai hakuujua wala hakujali nani ni staa. Alipoutoa ubongo, kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Wengine wangefunga faili wakaenda kula. Yeye akajiuliza: ubongo mzima, mbona mwenyewe aliishi vile? Akagharamia vipimo kwa pesa zake mwenyewe, na darubini ikaonyesha protini iitwayo tau imeganda humo. Ugonjwa wa namna hiyo ulijulikana kwa mabondia tangu 1928, ule wa kulewa ngumi.

Aliandika ripoti mwaka 2005. Madaktari wa ligi wakataka ifutwe! Haikufutwa. Wachezaji wastaafu zaidi ya 4,500 walifungua kesi, na mwaka 2013 ligi ikakubali kutoa dola milioni 765, kiwango ambacho baadaye kiliondolewa kikomo. Will Smith akamwigiza Omalu kwenye filamu ya 2015. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walisema wamepima bongo 376 za waliocheza ligi hiyo, na 345 zilikuwa na ugonjwa huo. Hesabu hiyo isikudanganye kwamba wote wanaugua, maana bongo nyingi hutolewa na familia zilizokwisha ona dalili. Lakini hata hivyo, jamani!

Kinachoniuma mimi ni kwamba ugonjwa huu mpaka leo huthibitishwa mtu akishakufa. Webster alipozunguka mitaani, watu walimwona mlevi, mvivu, shujaa aliyechezea bahati. Hakuwa na jeraha la kuwaonyesha.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukimwona bondia mstaafu mtaani kwenu anarudia neno lile lile mara tatu, usimcheke. Msikilize mara zote tatu. Tukutane wiki ijayo.