Mtafiti akikuuliza juu ya msiba wako

Matanga huisha siku chache baada ya mazishi. Viti vya kukodi hurudishwa, jamaa hurejea mjini, na aliyefiwa hubaki na kazi zake za kila siku. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba mambo madogo yamekuwa mazito: kuamka mapema kuwahi matatu, kupiga hesabu za duka, kupika, hata kupokea simu.

Watafiti wa afya nao wanataka kuujua wakati huo. Huenda siku moja muuguzi wa kliniki au mwanafunzi wa chuo kikuu akakuomba ushiriki katika utafiti kuhusu jinsi majonzi yanavyoathiri maisha ya kila siku. Je, ukubali au ukatae? Kabla ya kujibu, ni vyema ufahamu anachotafuta.

Majonzi si ugonjwa. Kulia, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya chakula ni mambo ya kawaida, na kwa watu wengi hupungua kadiri miezi inavyopita. Lakini wapo ambao hali yao haibadiliki. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeieleza hali hiyo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mtu humtamani au kumuwaza marehemu bila kukoma, akiwa na uchungu mkali, kwa muda usiopungua miezi 6 na kupita kiasi kinachotarajiwa katika mila au dini yake, hadi anashindwa na shughuli zake.

Kushindwa huko hakuonekani katika damu wala katika picha ya eksirei. Ni lazima mtafiti akuulize. Hojaji moja inayotumiwa ina maswali 5 tu: kazi yako, shughuli za nyumbani, burudani pamoja na wenzako, mambo unayopenda kufanya peke yako, na uhusiano wako na watu wa karibu. Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hakuna tatizo, hadi 8, yaani tatizo ni kubwa mno. Hojaji nyingine, iliyotungwa Marekani mwaka wa 1995, ina maswali 19 kuhusu majonzi yenyewe.

Majibu hayo yana faida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulilinganisha aina mbili za matibabu ya mazungumzo kwa watu waliolemewa na majonzi ya muda mrefu. Matibabu yaliyotungwa mahsusi kwa majonzi hayo yaliwasaidia asilimia 51 ya waliopewa. Yale mengine, ambayo hutumiwa pia kutibu sonona, yaliwasaidia asilimia 28. Tofauti hiyo ilijulikana kwa sababu waliofiwa walikubali kuulizwa.

Hata hivyo, hojaji ya ugenini haiulizi kuhusu deni la mochari, wala mjane anayezozania shamba na mashemeji zake. Mambo hayo yatajulikana tu iwapo Wakenya wenyewe watayaeleza.

Lakini usikubali kwa kuona haya. Hapa Kenya, utafiti unaohusu watu unapaswa kuidhinishwa na kamati ya maadili, na mtafiti awe na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Mwombe akuonyeshe. Kadhalika, akueleze kwa lugha unayoielewa atakuuliza nini na itachukua muda gani. Muulize pia iwapo jina lako litaondolewa na nambari kutumiwa badala yake. Habari za afya yako zinalindwa na sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda data.

Ukitia sahihi fomu ya idhini, hujajifunga. Unaweza kuruka swali linalokuchoma, kuomba mtafiti arudi siku nyingine, au kujiondoa kabisa bila kutoa sababu. Ukifanya hivyo, haifai unyimwe matibabu yako ya kawaida katika kliniki hiyo. Na yeyote akikudai ada ili ushiriki, mfungie mlango.

Kumbuka pia kwamba utafiti si matibabu. Maswali yanaweza kuamsha uchungu, kwa hivyo muulize mapema atakuelekeza kwa nani iwapo utazidiwa.

Mwisho, usingoje mtafiti akubishie hodi. Iwapo miezi 6 imepita na bado kazi, watoto na nyumba vinakushinda, mwone daktari au mshauri nasaha. Si uvivu, wala si udhaifu wa imani. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua ili umfuate marehemu, mwambie mtu wa karibu na uende hospitalini siku hiyo hiyo.