Kichwa Hiki Si cha Panadol!

Huku kwetu Mbinga kichwa kikiuma jibu ni moja tu: malaria hiyo! Siwalaumu. Kwenye mwambao wa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, malaria ni jirani wa siku zote. Ninachobisha ni ile tabia ya kumeza vidonge, kujifunika kitenge na kusema eti kitatulia.

Ukali wa maumivu peke yake haukuambii mengi. Mwenye kipandauso anaweza kugaagaa usiku kucha, keshokutwa yuko shambani anachuma kahawa. Mimi nauliza kichwa kilianzaje, na kimekuja na wenzake gani.

Kikilipuka ghafla, ndani ya dakika moja kikawa kikali kuliko chochote ulichowahi kuumwa, huenda mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Hapo aspirini usiiguse, inazidisha kuvuja kwa damu. Kikija na homa na shingo ikakakamaa, kidevu hakishuki kifuani, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Na hata kipimo kikionyesha malaria, anayeweweseka au kupata degedege si mgonjwa wa vidonge vya nyumbani, huyo anataka sindano za hospitali. Mdomo ukienda upande au mkono ukakataa kuinuka, hicho ni kiharusi. Tazama saa, daktari atataka kujua kilianza lini.

Akina mama wajawazito, nipeni sikio. Mimba ikishapita miezi mitano, na hata wiki za kwanza baada ya kujifungua, kichwa kisichotulia pamoja na macho kuona ukungu au uso kuvimba ni dalili za presha inayoleta kifafa cha mimba. Mawifi watasema ni mapepo. Sawa, wabishane wakiwa njiani kwenda hospitali!

Maana huku shida ni njia. Hospitali ya Liuli iko kando ya ziwa, ya Litembo iko juu kwa Wamatengo, na ziwa likichafuka mtumbwi hautoki. Basi namba ya mwenye gari iwe ndani ya simu yako kabla ya usiku huo. Aliyepoteza fahamu mlaze ubavu, asipewe uji wala dawa ya kunywa, na msimbane katikati ya pikipiki kama gunia la kahawa ikiwa gari lipo.

Na yule aliyeanguka na bodaboda jana, akainuka anacheka, leo kichwa kinazidi na anatapika? Jamani, mwamsheni sasa hivi mwondoke naye.