Mbuga na Majira Yake (2): Masisi na Walikale

Wiki iliyopita tuliona kwamba mvua za nchi za ikweta hulifuata jua: linapovuka ikweta mwezi Machi na Septemba, mawingu hukusanyika na masika hufuata. Leo tuipeleke kanuni hiyo Kivu ya Kaskazini, tuone anayetaka kuingia msituni achague mwezi gani.

Masisi na Walikale ni wilaya jirani, ila majira yao hayafanani. Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe, na mashariki inapakana na Mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Huku kiangazi kipo kweli: Juni hadi Agosti pepo kavu za kusini-mashariki hupunguza mvua, na Januari na Februari huja kiangazi kifupi. Kuelekea Walikale nchi inateremka hadi msitu mkubwa wa bonde la Kongo. Miti yenyewe hutoa unyevu hewani, unapanda, unarudi kuwa mvua, kwa hiyo hakuna mwezi mkavu. Mgeni wa huko huchagua kati ya mvua nyingi na mvua chache.

Msitu huo una mbuga pia: Kahuzi-Biega, ambayo wengi huidhani ni ya mji wa Bukavu peke yake. Ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa ya milimani. Mwaka 1975 ikapanuliwa magharibi, ikafikia kilomita za mraba 6,000 hivi, na sehemu ya msitu wake wa chini imo Walikale. Humo huishi gorila wa nyanda za mashariki, ambao hawapatikani popote duniani nje ya Kongo yetu.

Mwenendo wa gorila hao hufuata chakula. Milimani mwa mbuga hiyo, upande wa Tshivanga, mvua zinaporudi Septemba, machipukizi ya mianzi hutoka ardhini. Gorila huhamia huko, wakang'oa machipukizi, wakamenya ganda na kula kiini laini cha ndani. Huo ndio msimu mzuri wa kuwatazama wakila, ingawa miguu italowa. Katika msitu wa chini hakuna mianzi ya kuwakusanya. Huko hutegemea zaidi majani na matunda, kadiri miti inavyozaa.

Kisha kuna barabara. Kutoka Sake kupitia Masisi hadi Walikale, udongo ukilowa lori huzama hadi ekseli. Abiria hushuka, hushika majembe, hutandika magogo chini ya magurudumu, na safari ya siku moja inageuka ya siku kadhaa. Kwa barabara hiyo, Juni hadi Agosti hakuna mjadala.

Lakini kalenda ya mvua haitoshi; kuna pia suala la usalama. Kahuzi-Biega imo katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997, na Machi 2025 waasi wa M23 waliingia mji wa Walikale-Centre, wakaondoka mwezi uliofuata. Wakazi wamekimbia vijiji vyao mara nyingi, na walinzi wa mbuga wameuawa wakiwa kazini.

Basi msomaji, panga hivi: kiangazi kwa ajili ya barabara, Septemba hadi Novemba kwa ajili ya mianzi na gorila. Ila usiweke tarehe kabla ICCN, taasisi inayosimamia mbuga zetu, haijatangaza kwamba njia iko wazi. Amani ndiyo msimu wa kwanza, na kuidai ni wajibu wetu sote.

Itaendelea.